Taa za LED Njiani Pemba: Mafunzo Niliyopata

Gari nyingi zinazotembea Pemba zimetoka Japani zikiwa na taa za glopu ya kawaida, ile yenye waya mwembamba ndani ya kichupa cha gesi. Siku hizi mwenye gari anayekuja kwangu Chake Chake mara nyingi ameshika boksi: glopu za LED alizonunua mjini Unguja, au alizoletewa na ndugu kutoka Dubai. Ombi ni moja. "Fundi, nifungie hizi, nachoka na giza." Kazi yangu ni umeme wa magari, na usiku naendesha mwenyewe kati ya Chake, Wete na Konde, kwa hiyo taa hizi nazijua nikiwa nyuma ya bampa na nikiwa mbele yake. Niliyojifunza ni haya.

1. Anayekutana na taa zako aghlabu yuko kwa miguu

Kisiwa chetu ni vilima na mabonde. Ukitoka Chake kwenda Mkoani barabara inapanda, inateremka hadi kwenye mpunga, inapanda tena, na kila gari inapofika kileleni taa zake hunyanyuka kabla ya kushuka. Katika muda ule mfupi hata taa iliyopangwa sawasawa humpiga mtu machoni. Iliyopangwa vibaya humpiga njia nzima.

Na mbele ya gari kuna nani? Baada ya Magharibi njia ni ya watoto wanaotoka chuo cha Kurani, kina mama waliovaa mabuibui meusi, mwenye baiskeli aliyefunga mzigo wa majani, na gari ya ng'ombe isiyo na kitu chochote cha kung'aa nyuma yake. Gari inayokwenda kilomita 60 kwa saa inakata karibu mita 17 kila sekunde. Dereva aliyepigwa na mwanga mkali akihitaji sekunde tatu tu macho yamrudie, ameshapita mita 50 haoni kitu, na katika mita 50 za barabara ya kijijini kwetu hakosekani mtu.

Mzee mmoja wa gari ya abiria aliniambia: "Mwanangu, mie nikiona zile nyeupe zinakuja, nasimama pembeni mpaka zipite. Ukingo wa lami siuoni, ntakwenda vipi?" Jicho la umri wake hutawanya mwanga ndani yake kuliko la kijana, na mtoto wa jicho akianza huzidisha. Tumefundishwa tangu chuoni kuwa njia ina haki yake. Mimi naamini taa za gari zimo ndani ya haki hiyo, na kila nitakalosema hapa chini linatoka hapo.

2. LED nzuri ndani ya taa isiyoundiwa LED bado ni taa mbaya

Sina ugomvi na LED. Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa LED ya bluu, iliyofungua mlango wa mwanga mweupe tunaoutumia majumbani, na walistahili. Lexus LS 600h ilitoka na dimu, yaani taa za mwanga wa chini, za LED kiwandani tangu 2007. Lakini katika gari kama ile, kioo, bakuli la ndani na njia ya kutoa joto vyote vilipigiwa hesabu kwa chipu ile. Shida inaanza tunapotoa glopu ya waya na kuchomeka LED ndani ya bakuli lililoundwa kwa ajili ya waya.

Chukua glopu ya H4, ambayo imo kwenye Toyota na Suzuki nyingi za hapa, uitazame kwa karibu. Ndani ya kichupa kuna nyaya mbili zilizosokotwa, moja ya fulu na moja ya dimu. Chini ya waya wa dimu kuna kijikombe cha chuma. Kazi yake ni kuzuia mwanga usifike nusu ya chini ya bakuli, kwa sababu mwanga wa dimu unaopiga nusu ya chini hurudi ukielekea juu, machoni mwa watu. Ukingo wa kijikombe hicho ndio unaochora ule mstari unaouona ukutani: chini mwanga, juu giza. Waya wenyewe una urefu wa milimita chache tu. Ukiusogeza kidogo ndani ya taa, mbali mbele mwanga umehama kabisa.

Glopu ya LED ina kibao chenye chipu huku na huku. Kibao kina unene, kwa hiyo chipu haziwezi kukaa pale pale waya ulipokuwa. Na katika zile za bei rahisi chipu ni pana mno, na kijikombe kimewekwa kwa sura tu. Kibao kisipokaa wima ili chipu zitazame kushoto na kulia, mwanga unapasuka: doa huku, kivuli kule, na mwingine unakwenda kwenye majani ya minazi.

Mwenye gari hufurahi, kwa sababu mita chache mbele ya bampa pamekuwa peupe. Lakini jicho linalotazama weupe mwingi wa karibu hupoteza nguvu ya kuona mbali. Ndiyo maana wengi husifu mwanga wao, kisha hawalioni shimo mpaka wamelifikia. Mwanga mwingi usio na mwelekeo ni kama kumwaga ndoo ya maji kwa nia ya kujaza chupa.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu. Anayetaka LED namfungia, kisha tunaelekeza gari ukutani. Mstari ukionekana mkali na ulionyooka, anaondoka nazo. Nisipouona, natoa LED na kurudisha glopu yake ya zamani pale pale akiwa anatazama, na boksi lake namkabidhi. Wapo waliokasirika na kwenda kwa fundi mwengine. Hilo nalikubali.

3. Fyuzi husema kweli kuliko boksi

Boksi linasema wati 200 na lumeni 20,000. Glopu ya H4 ya kawaida inakula wati 55 kwenye dimu na 60 kwenye fulu, na mwanga wake ni lumeni 1,000 na 1,650 hivi. Sasa tupige hesabu. Wati 200 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 16. Fyuzi ya taa moja katika gari nyingi ndogo ni ya ampea 10 au 15. Kama boksi lingekuwa linasema kweli, fyuzi ingekatika. Haikatiki. Nikiweka mita naona ampea mbili, pengine mbili na nusu, yaani wati 24 hadi 30 kwa volti hizo hizo 12.

Kula umeme kidogo ni sifa njema ya LED, sina la kulaumu hapo. Ninachomwambia mteja ni kuwa aliyeandika uongo kwenye wati ndiye huyo huyo aliyeandika lumeni, na ndiye aliyeandika kuwa itadumu miaka mingi.

Kudumu ni suala la joto. Glopu ya waya hutupa joto lake mbele; LED hulihifadhi kwenye shina, na hutegemea feni ndogo au mbavu za alumini kulitoa. Kwetu feni ile inafungiwa ndani ya kifuniko cha mpira, kwenye hewa yenye unyevu na chumvi ya bahari. Feni ikikwama, chipu inafifia polepole bila mwenye gari kutambua, au upande mmoja unaanza kupepesa. Kwa hiyo usihukumu dukani kwa kuwasha sekunde mbili. Iache iwake dakika kumi, halafu tazama tena. Na redio ikianza kukwaruza kila ukiwasha taa, ujue kidhibiti cha umeme kilichomo ni cha ovyo.

4. Swali la "zinaruhusiwa?" lina majibu zaidi ya moja

Zanzibar ina Sheria yake ya Usafiri Barabarani, ya mwaka 2003. Bara wana Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Ukivusha gari kwa meli umeingia kwenye sheria nyengine, na wenye gari za mizigo wanapaswa kulikumbuka hilo. Trafiki niliowaona wakisimamisha gari usiku hawaulizi jina la glopu. Wanaangalia kama taa mbili zinawaka na kama zinamtia upofu anayekuja. Wanaangalia kwa macho, kando ya njia, na macho ya mtu hayawezi kupima.

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Japani, zinakotoka gari zetu, dimu inapimwa kwa mashine kwenye ukaguzi: kila taa itoe angalau kandela 6,400, mstari wake uwe mahali pake, na kwa gari zilizotengenezwa kuanzia Januari 2006 mwanga uwe mweupe. Ukitimiza, hawakuulizi kilichomo ndani. Ujerumani walishika njia nyengine. LED ndani ya taa ya halojeni ilikuwa marufuku moja kwa moja hadi 2020, Osram walipopata kibali cha glopu moja ya aina ya H7, na kibali chenyewe ni kwa gari zilizotajwa katika orodha tu. Glopu hiyo hiyo kwenye gari isiyo katika orodha ni kosa. Wajerumani wanajua kuwa anayechora mstari ni bakuli na glopu kwa pamoja, na huwezi kuidhinisha kimoja bila kingine. Kati ya njia hizi mbili, kwetu naiona ya Kijapani ndiyo inayofaa, kwa sababu hatuna uwezo wa kupima kila gari na kila glopu, lakini kupima mwanga unaotoka tunaweza.

Kuna alama moja inayowapotosha watu: herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya nchi iliyotoa idhini. E1 ni Ujerumani, E43 ni Japani. Muuzaji huionesha kwa fahari. Soma kilichoandikwa kando yake. Kwenye LED nyingi nakuta 10R, maana yake ni Kanuni Namba 10 ya Umoja wa Mataifa, ambayo inahusu kifaa kutosumbua redio na vyombo vyengine vya umeme. Haisemi neno juu ya mwanga. Glopu za waya zina kanuni yake, Namba 37. Mtu anaweza kukuonesha idhini ya kweli kabisa, iliyotolewa kwa jambo ambalo hukuuliza.

5. Kabla ya kufunga taa ya Maskati, tafuta mshale

Hili linatuhusu sisi kuliko watu wengi. Pemba ina ndugu Oman na Imarati, na vipuri vinakuja: taa nzima, nzuri, za asili, zimetolewa kwenye gari iliyogongwa nyuma. Lakini kule wanaendesha kulia, sisi tunaendesha kushoto.

Mwanga wa dimu haukukatwa sawa pande zote mbili. Upande wa ukingo wa njia unapanda kidogo, ili dereva aone waendao kwa miguu na alama. Taa yetu hupandisha kushoto. Taa ya Maskati hupandisha kulia, na kulia kwetu ndiko anakokuja mwenzio. Hakuna skrubu ya kulirekebisha hilo; ukiishusha taa mpaka isimuumize mtu, huoni mbele.

Kwenye taa zenye alama ya E kuna njia rahisi ya kujua. Simama mbele ya gari uitazame taa. Ukiona mshale mlalo unaoelekea mkono wako wa kulia, taa ni ya nchi zinazoendesha kushoto, ifunge. Mshale wa ncha mbili, inafaa kote. Hakuna mshale, ni ya wanaoendesha kulia. Taa za Koito, Stanley na Ichikoh zilizotoka Japani na gari yake hazina tabu hii, maana Wajapani nao ni wa kushoto. Jamaa mmoja wa Wete aliletewa na mjomba wake taa mbili safi mno, bado zimo kwenye nailoni. Kumwambia asizifunge lilikuwa jambo zito, kwa sababu zilikuwa zawadi. Tulipoziwasha ukutani, moja ya zamani na moja mpya, akaona mwenyewe mwanga unapanda upande wa pili. Akasema, "Yakhe, hizi nitampelekea nani sasa?"

6. Waya kwanza

Wengi wanaokuja na kiu ya LED hawana giza la glopu. Wana giza la waya.

Injini ikiwa inanguruma, betri inasoma volti 14 hivi. Nikichomeka mita kwenye soketi ya glopu, taa zikiwa zinawaka, nakuta 12, na katika gari zilizokaa sana pwani hata chini ya hapo. Glopu ya waya ikipungukiwa na umeme kwa asilimia 10, mwanga wake hupungua karibu asilimia 30. Umeme unapotelea kwenye swichi ya zamani, kwenye soketi iliyobabuka, na zaidi kwenye ethi, pale waya mweusi ulipofungwa kwenye bodi na kutu imeingia chini ya skrubu. Chumvi ya Pemba haionei huruma shaba.

Dawa yake ni kazi ya mchana mmoja: rilei mbili, waya mnene kutoka betri kupitia fyuzi, soketi mpya, na ethi kukwanguliwa mpaka chuma kionekane kisha kupakwa grisi. Kijana wa Vitongoji aliyekuja na Probox yake alirudi usiku ule ule. "Kaka, kumbe umenitilia LED?" Glopu zilikuwa zile zile alizokuja nazo.

Toyota nyingi za zamani zina jambo jengine la kujua. Chanya iko kwenye soketi ya taa, na swichi inakata upande wa hasi. LED iliyotengenezwa kwa kudhani kinyume chake hukataa fulu, au huwasha fulu na dimu pamoja, na fundi asiyejua huanza kukata waya wa gari ya mtu kwa kutafuta kosa ambalo halimo.

7. Mvua hupenda rangi ya zamani

Pemba inapata mvua kuliko Unguja. Usiku wa masika, lami ikilowa, mwanga wako mwingi hurukia mbele badala ya kukurudia, na matone yanayorudisha mwanga ni yale yaliyo karibu na uso wa gari. Glopu ya waya ina rangi ya kelvini 3,200 hivi, inayoelekea manjano. LED zinazopendwa ni za 6,000 na kuendelea, nyeupe yenye ubuluu, na rangi hiyo huumiza jicho la anayekuja kuliko nyengine yenye nguvu sawa. Nenda Konde hadi Makangale kupitia msitu wa Ngezi, mvua inanyesha, miti imefunika njia: kwa taa ya bluu unatazama pazia la matone. Anayeng'ang'ania LED namshauri achukue ya kelvini 4,300 au chini yake. Hazina wanunuzi wengi, kwa sababu dukani hazishangazi.

8. Msimu wa karafuu hunyanyua taa

Magunia ya karafuu kavu yakipakiwa nyuma kwenda kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, au abiria wakijaa hadi kwenye ngazi, mkia wa gari unashuka na pua inapanda. Taa iliyopangwa ukutani gari ikiwa tupu sasa inatazama juu. Kwa glopu ya kawaida ni kero. Kwa LED ni hatari. Gari nyingi za Japani zina kitufe cha kuzungusha karibu na usukani, chenye namba 0 mpaka 3 hivi. Kinashusha taa kadiri mzigo unavyozidi. Nauliza kila dereva kama anakijua, na wengi wamekikalia miaka bila kukigusa. Kama kijimota cha ndani bado kinafanya kazi, hakihitaji shilingi.

9. Kioo kilichofifia

Plastiki ya taa huungua na jua na kuwa ya manjano, na mwanga unaopita humo hutawanyika kila upande, uwe wa LED au wa waya. Msasa wa maji namba 800, 1,000, kisha 2,000, polishi, na mwisho vanishi ya kukinga jua. Bila vanishi kioo kinarudi kilivyokuwa baada ya miezi.

10. Kipimo tunacho, ni ukuta

Ukuta mweupe na sakafu bapa vinatosha. Gari isimame mita 10 kutoka ukutani, matairi yawe na upepo sawa, dereva amekaa kwenye kiti chake. Pima urefu wa kitovu cha taa kutoka chini, weka alama ukutani kwa urefu huo huo, kisha piga mstari wa chokaa sentimita 10 chini ya alama. Mstari wa mwanga wa dimu ukae pale pale kwenye chokaa hiyo, na upande wa kushoto ndio unaopanda. Kila taa izibwe kwa kitambaa wakati wa kupima nyengine. Skrubu za kurekebisha ziko nyuma ya taa, mara nyingi moja ya juu na chini, nyengine ya kushoto na kulia, na bisibisi ya kawaida inazifikia.

Ninachokitaka, na nimewaambia wanaohusika kila nilipopata nafasi, ni ukuta kama huo uwepo kila mahali gari za Pemba zinapokaguliwa, Chake, Wete na Mkoani, na gari ya abiria isiyochora mstari irudi kwa fundi kabla ya kupewa ruhusa. Na Taasisi ya Viwango Zanzibar, yenye kazi ya kusimamia ubora wa bidhaa zinazoingia, ichukue glopu moja moja kutoka kwenye maboksi ya madukani na kuziwekea mita ya ampea. Kipimo hicho kinafanyika juu ya meza, kwa betri na waya mbili, na boksi la wati 200 litajulikana kabla halijafika kwa mnunuzi.